Cherehani Nane na Barua ya Fundi Mizani

Kabla ya kusoma karatasi yoyote, wifi yangu aliipiga pasi. Nilikuwa nikimpelekea barua nilizomchapia ofisini, zingali na joto la printa, nimezikunja mara moja tu ili ziingie kwenye bahasha ya kaki. Yeye alizichukua kwa ncha za vidole, akazitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akapitisha pasi isiyo na moto mwingi mbele na nyuma, ndipo akavaa miwani. Alifanya hivyo kwa miaka yote kumi na mmoja. Siku moja nilimwambia mkunjo mmoja haumzuii mtu kusoma. Akajibu bila kuinua kichwa:

"Sitoi mkunjo, wifi. Natoa mikono yako."

Sikumpenda. Nalisema mapema ili msomaji asikae akisubiri mahali tutakapokumbatiana. Naye hakunipenda tangu siku kaka yake aliponipeleka kwao kunitambulisha. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha akamwambia kaka yake, nami nasikia, "Huyu amesoma sana. Atakuchosha." Mbele za watu aliniita Msomi, na tukiwa wawili aliniita wifi, na mpaka leo sijui lipi kati ya hayo mawili lilikuwa tusi kubwa zaidi. Mume wangu alipofariki nilidhani tutaachana kwa amani, kila mtu na njia yake. Haikuwa hivyo, kwa sababu tulikuwa tukifanya kazi katika hospitali moja, na kwa sababu ya barua.

Yeye alikuwa mkuu wa chumba cha ushonaji, ghorofa ya pili, juu ya chumba cha dobi. Kila shuka iliyotandikwa wodini, kila foronya, kila gauni la kijani la chumba cha upasuaji lilipita mikononi mwa wanawake wake wanane na cherehani zao nane. Mimi nilikuwa chini, karibu na lango la nyuma, katika ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa, na bado niko hapo. Ofisi yangu ilikuwa na printa. Chumba chake kilikuwa na pasi. Huo ndio ulikuwa udugu wetu.

Na barua ninazozisema ni hizi zinazoandikwa na watu wasio na gazeti wala mchapishaji nyuma yao. Mtu anakaa kwake, anaandika mara moja kwa wiki, anawatumia moja kwa moja kwenye barua pepe wale waliojiandikisha kumsoma. Mfamasia mmoja wa pale hospitalini alianzisha kundi kwenye simu ambamo kila Ijumaa wasomaji walipendekezeana waandishi wa namna hiyo. Tulianza watu kumi na wanne. Ndugu wakawaingiza ndugu, marafiki wakawaingiza marafiki, mpaka tukazidi mia sita, na wengi wetu hatujuani sura.

Mapendekezo ya wengi yalikuwa ya kupakana mafuta. "Jamani, dada huyu ni moto! Msimkose!" Kisha mioyo myekundu, safu nzima. Wifi yangu hakuweka moyo hata mmoja katika maisha yake. Yeye alikuwa na mizani yake mwenyewe.

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alisimama mbele ya meza ya kukatia na kuzisoma barua kwa sauti, huku wanawake wake wakiendelea kushona. Hakuwaruhusu kuacha kazi. Cherehani nane zikienda pamoja, mngurumo wake unakuingia mpaka kwenye meno, na alisoma juu ya mngurumo huo kwa sauti kavu, bila kuigiza, kama anayesoma orodha ya vitambaa. Alichokuwa akikisikiliza ni cherehani. Barua ikiwa nzuri, mkono unasahau. Sindano inabaki imezama katikati ya upindo, uzi unaenda kombo, mshonaji katoa macho. Chumba kinaanza kunyamaza pembe moja, kisha nyingine. Mwisho wa barua alihesabu ngapi zimesimama, na hiyo ndiyo hukumu. Siku ya barua ya mkunga mstaafu walifumua shuka nne, maana zilishonwa kama njia ya ng'ombe, na hakuna aliyekaripiwa.

Ijumaa asubuhi aliandika kwenye kundi:

"Mkunga mstaafu. Huandika Jumatatu. Cherehani saba. Ya nane ni ya Redio, huyo msimhesabie. Msomeni."

Redio alikuwa mshonaji wa dirishani, asiyesikia vizuri sikio moja na la pili pia si sana. Aliitwa hivyo kwa sababu alitangaza bila kupokea. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kusimamisha cherehani yake kwa ajili ya mwandishi yeyote.

"Kijana anayeandika kuhusu ghorofa anamoishi. Cherehani nne. Ana jicho, hana breki. Mpeni mwaka mmoja."

"Bwana wa mafanikio. Sifuri. Anauza ngazi akiwa amekaa chini."

"Mjane anayeandika kuhusu huzuni. Cherehani moja. Analia vizuri, hasemi kitu."

Huyo mjane nilimpendekeza mimi. Wifi alijua. Niliikuta hukumu hiyo kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya kantini, nikaondoka bila kuchukua chai.

Watu walisema ana roho mbaya, na walikuwa sahihi. Lakini kila Ijumaa watu mia sita walimsubiri yeye, si wale wa mioyo myekundu. Mwandishi aliyepewa cherehani sita aliamka Jumapili akiwa na wasomaji wapya wasiohesabika. Aliyepewa sifuri hakuamka na kitu.

Sasa nifike kwa Fundi Mizani.

Alikuwa mtengenezaji wa mizani, za maduka, za bucha, za kliniki za watoto, na kila Jumanne alituma barua kuhusu mizani moja aliyoitengeneza. Basi, hakuna zaidi. Mizani ya bucha moja ilikuwa ikisema kweli asubuhi na kudanganya mchana; akakaa pale siku nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka akagundua kwamba jua la saa nane lilikuwa likiipiga springi kupitia tundu la bati. Muuza nyama alikuwa ameshapoteza nusu ya wateja wake kwa kosa la jua. Barua hiyo ilipata cherehani saba, na ni wifi yangu aliyetuletea mwandishi huyo. Hilo siwezi kumnyima.

Mume wangu alipofariki, kwa miezi mingi sikuweza kumaliza ukurasa wa kitu chochote. Riwaya niliziweka chini, magazeti niliyatupa. Barua za Fundi Mizani nilizimaliza. Kulikuwa na faraja katika kumwona mtu akifungua kifuniko, akitafuta tatizo, akilipata. Nikaanza kumwandikia, kila Jumanne, kumwambia jinsi barua yake ilivyokuwa nzuri. Akawa ananijibu. Aliniita dada. Wasomaji wake waliokuwa wakimchangia fedha walipofika idadi ya kutosha, aliacha kazi ya kuzunguka na mkoba wa vyuma akabaki anaandika tu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomshauri hivyo.

Kisha, Ijumaa moja, wifi yangu akaandika:

"Fundi Mizani nimemtoa. Wiki tatu, sifuri. Zamani alituambia mizani ilikuwa na tatizo gani. Siku hizi anatuambia yeye ni mtu wa namna gani."

Niliisoma mara tano. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Lakini ukweli unaweza kusemwa pembeni, kwa mtu mmoja, kwa sauti ya chini, na yeye aliusema mbele ya watu mia sita. Wasomaji wakaanza kujitoa. Wiki ya nne Fundi aliandika chini kabisa ya barua yake, kama mtu anayeomba radhi kwa kukohoa, kwamba mambo yakiendelea hivi mwezi huo utakuwa wa mwisho. Kwa jirani yangu wa ofisini hiyo ilikuwa habari ndogo tu. Kwangu ilikuwa ni kama kuambiwa dirisha pekee la nyumba litajengewa tofali.

Nikapanda ghorofa ya pili bila bahasha.

"Leo si Alhamisi," wifi akasema. Alikuwa akichora gauni kwa chaki.

"Umemuua Fundi."

"Mazishi lini?"

Mmoja wa wanawake alicheka, akajifanya anakohoa.

"Wifi, yule mtu anaishi kwa barua hizo. Unajua?"

"Na mimi naishi kwa shuka. Nikishona vibaya nitaambiwa nimeshona vibaya. Ama kuna watu mmewawekea sheria yao, Msomi?"

"Cherehani haziwezi kumhukumu mtu."

"Zilikuwa zikimhukumu vizuri zilipokuwa zinampa saba. Hukupanda ngazi siku hiyo."

Aliweka chaki chini, akanitazama juu ya miwani.

"Haya. Mlete. Alhamisi hii aje asome mwenyewe, labda sauti yangu ndiyo inayomharibia. Zikisimama tano kati ya nane, namrudisha Ijumaa ileile, na nitaandika kwamba nilikosea. Zisiposimama, usinipandie tena ngazi zangu na machozi ya watu."

Ilikuwa haki kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniudhi.

Nilimwandikia Fundi siku hiyohiyo. Alijibu baada ya saa moja kwamba atakuja, na akaniuliza asome ipi. Nikamchagulia ile niliyokuwa nimeisifu kuliko zote, kuhusu mizani ya kupimia watoto katika zahanati fulani. Kisha nikakaa mezani kwangu nikaisoma upya kwa sauti ndogo, nikitia mngurumo wa cherehani kichwani, nikaona wazi kabisa kwamba haitasimamisha hata moja.

Kwa hiyo nilifanya nilichofanya. Alhamisi asubuhi nilimfuata Mama Mapacha, mshonaji mkubwa kuliko wote baada ya wifi, nikamkuta anakula kwenye ngazi za nyuma za dobi.

"Mtasimama tu," nikamwambia. "Ukurasa wa pili. Hakuna anayeumia."

"Mkuu akijua atatukata vichwa, mwanangu."

"Atajuaje? Kusimama ni kusimama."

Alitafuna polepole. Hakuwa mtu wa hila, na mimi nilikuwa nimewahi kumtafutia jalada la mumewe lililopotea, siku tatu, mpaka nikalipata nyuma ya kabati. Sikulitaja. Sikuwa na haja ya kulitaja, na ndiyo maana sina cha kujitetea.

"Ni mtu mwenye shida?" akauliza.

"Ni mtu mwenye shida sana."

"Basi nitawaambia wenzangu."

Fundi alikuja saa nane. Nilikuwa nimemwazia mtu mkubwa, sijui kwa nini. Alikuwa mdogo, shati limepigwa pasi mpaka kola imeng'aa, na mkononi alikuwa na mkoba wake wa kazi ingawa kazi yenyewe aliiacha. Alipoingia alisimama mlangoni akaitazama mizani ya zamani ya kupimia mafurushi ya nguo iliyokuwa pembeni, akainama kidogo akasoma mshale. Nikaona mkono wake ukitaka kuigusa. Akajizuia.

"Karibu, Fundi," wifi yangu akasema. Hakuwa na ukali wowote, na hilo lilinitisha. "Simama hapa. Soma kama unavyozungumza. Hawa wataendelea na kazi zao, usione ni dharau."

"Sawa, mama."

Akaanza. Alisoma haraka, sauti haijamkaa. Kwenye ukurasa wa kwanza tulisikia habari za njia ya kwenda kwenye zahanati na yale aliyokuwa akiyawaza njiani kuhusu uzito wa maisha. Cherehani nane zikaendelea kunguruma kama vile hayupo. Wifi alikuwa amekaa kwenye stuli yake, mikono mapajani, macho chini.

Akafungua ukurasa wa pili. "Nilipoinama juu ya sinia lile dogo la mizani," akasoma, "nilijiona mimi mwenyewe, mtoto wa zamani, nikisubiri kupimwa na dunia…"

Cherehani ya kwanza ikanyamaza. Ilikuwa ya Redio.

Ya pili ikafuata, ya Mama Mapacha. Kisha mbili kwa pamoja. Kisha moja, kisha moja, kisha zile mbili za ukutani. Chumba chote kikawa kimya, ukimya ambao sijawahi kuusikia humo ndani, nane kati ya nane. Fundi aliinua kichwa. Natamani nisingemtazama. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeambiwa majibu ya hospitali ni mazuri. Sauti ikamkaa. Akasoma kurasa mbili zilizobaki taratibu, kwa raha, akipumzika kwenye kila nukta, na alipofika mwisho akaikunja ile karatasi na kuishika kifuani.

Mama Mapacha akapiga makofi. Wengine wakapiga. Mimi pia.

Wifi yangu hakupiga. Alisimama, akapita kati ya cherehani kama afanyavyo kila jioni kukagua kazi. Kwa kila mshonaji alisimama, akaangalia chini, akaenda kwa mwingine. Alipofika dirishani akamwinamia Redio, akapaza sauti:

"Ulipenda nini humo?"

"Ndiyo!" Redio akajibu kwa nguvu.

Hakuna aliyecheka. Wifi akarudi kwa Mama Mapacha, akachukua shuka iliyokuwa mbele yake, akainua kona yake.

"Umemaliza upindo huu, mama?"

"Nimemaliza, Mkuu."

"Umeurudia mwisho ili usifumuke."

"Nimeurudia."

"Ukainua mguu wa cherehani, ukakata uzi."

Mama Mapacha akatazama mikono yake.

"Na wewe umemaliza. Na wewe. Na wewe, na nyuzi zote zimekatwa kwa mkasi, sawasawa. Wanawake wanane wamemaliza pindo nane kwenye aya moja, kisha ndiyo wakaguswa moyo." Aliirudisha shuka mezani na kuilainisha kwa kiganja. "Siku ya mkunga mlifumua shuka nne. Leo hakuna hata uzi mmoja wa kufumua. Hizi ndizo pindo nzuri kuliko zote mlizonishonea mwaka huu."

Niliwatazama na kuelewa. Niliwaomba wasimame, wakasimama. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuacha upindo nusu kwa makusudi. Hata katika kudanganya walimaliza kazi kwanza.

Fundi alikuwa bado ameshika karatasi kifuani. Alikuwa mtu wa vyombo. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alizitazama cherehani moja baada ya nyingine, akaziona zile ncha za uzi.

"Nani aliwaambia msimame?" akauliza.

Mama Mapacha alinitupia jicho mara moja tu, bila kupenda, ikatosha.

"Dada," akasema. Alilisema kama anajaribu kukumbuka maana yake. "Miaka ishirini na mbili nimewakamata wenye maduka wakibonyeza mizani kwa kidole gumba. Nilikuwa nawajua hata kabla hawajainua mkono. Wewe sikukujua."

"Nilitaka kukusaidia, Fundi."

"Ungeniacha nikapata sifuri yangu. Sifuri ningerudi nayo nyumbani nikaifanyia kazi. Hii niende nayo wapi?"

Wifi alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilimsikia akimwambia, "Njoo Alhamisi ijayo. Uiache hiyo nyumbani, ulete mizani. Na usiandamane na huyu." Akajibu, "Nashukuru, mama." Hakuja Alhamisi ile, wala nyingine.

Nilimsubiri wifi koridoni. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa aibu, ila wakati ule sikuzitenganisha.

"Ungeweza kunyamaza," nikamwambia. "Uliona uso wake. Ungemwacha aende na furaha yake, kesho ukaandika tano, nani angekufa?"

"Nimdanganye yeye, niwadanganye watu mia sita, ili wewe ulale vizuri?"

"Huna huruma hata chembe."

"Na wewe unayo debe zima, ona ulivyommwagia." Akanipita. Mlangoni akageuka. "Wale wanawake usiwaguse tena. Wale ni wangu."

Jumanne iliyofuata barua ya Fundi ilikuja kwa saa yake ya kawaida. Ilikuwa na mistari sita. Alisema amerudi kwenye kazi ya mizani. Alisema wiki ile alitengeneza mizani ya duka la misumari ambayo mwenye duka alikuwa ameichomekea kipande cha kadibodi chini ya sinia ili mshale usimame vizuri kwenye sifuri, na kwamba alipokitoa, mizani ilikuwa nzima, haikuwa na kosa lolote ila kusaidiwa. Alitushukuru, akaaga. Hakujibu barua niliyomwandikia, wala ya pili, na ya tatu ilinirudia na ujumbe kwamba anwani hiyo haipo tena.

Alhamisi ile wifi alisoma mistari sita ile chumbani. Mimi sikuwepo, Mama Mapacha ndiye aliyenisimulia, siku nyingi baadaye, alipoanza tena kunisalimu. Ijumaa tukaikuta kwenye kundi:

"Fundi Mizani, barua ya mwisho. Cherehani tatu. Za kweli."

Watu mia sita waliiona sentensi hiyo fupi ya mwisho na wakajiuliza maana yake. Ukimwacha Fundi mwenyewe, ni watu kumi tu tulioijua, na tisa kati yao walikuwa ghorofa ya pili.

Sikujitoa kwenye kundi. Labda ningejitoa ningeonekana nina haya, na wifi angefurahi. Nilibaki, lakini sikupendekeza mwandishi tena. Barua niliendelea kumchapia. Kila Alhamisi nilipanda ngazi, nikaweka bahasha kwenye ukingo wa meza, nikashuka. Yeye hakusema asante na mimi sikusema karibu. Miezi kumi ilipita hivyo. Nilipokuwa nikichapa nilikuwa nikisoma mstari hapa, mstari pale, na nikajikuta nikijiuliza kwa kila mmoja cherehani ngapi zitasimama. Mara nyingi nilikisia vibaya. Niliweka nane palipokuwa na mbili. Siku moja nilijiambia, kwa nia ya kumkebehi, kwamba pengine nina sikio kama la Redio, na kebehi hiyo ikanikaa mwenyewe, haikutoka.

Alistaafu mwanzoni mwa mwaka, akaenda kuishi kwa binti yake, na kabla mwaka haujaisha alipata kiharusi akafariki. Nilienda kwenye mazishi, nikasimama upande wa familia kwa sababu ndipo nilipotakiwa kusimama. Waandishi watatu wa barua walikuja, watu nisiowajua sura, kila mmoja kutoka kwake. Mmoja, mwanamume mnene mwenye kofia mkononi, aliniambia wifi yangu alimpa sifuri mara nne na cherehani sita mara moja, na kwamba zile sifuri amezitunza. Akaniuliza kama mimi ni mwandishi pia. Nikamwambia hapana, mimi nilikuwa nachapa tu.

Lakini mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa siku ile ya kustaafu. Wenzake walikuwa wamemletea keki na hotuba, na hotuba alizikatisha zote mbili. Jioni alishuka peke yake mpaka ofisini kwangu, akiwa amebeba begi begani na mkasi wake mkubwa umefungwa kwenye kipande cha shuka. Hakukaa. Alitazama rafu za majalada, akaitazama printa, akasema atahitaji mtu wa kumchapia kule aendako na kwamba binti yake hajui kuweka karatasi sawasawa. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa karibu na kushukuru, nami nikaliona pengo, nikataka kupita hapo hapo kabla halijazibwa. Tulikuwa tumezeeka kidogo sote wawili. Nilikuwa sina mtu wa kumsoma. Nikamwambia, na nililisema kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao:

"Wifi, kabla hujaondoka, nipendekezee mwandishi mmoja. Mimi tu, si kundi. Sasa hivi nimsome nani?"

Alinitazama kuanzia viatu, kama siku ile ya kwanza.

"Wewe husomi, wifi," akasema. "Wewe unauguza. Tafuta mwandishi aliye mgonjwa kweli, huyo utamfaa."